Tajiri wa Traksuti na shingo yangu

Mama wa mandazi ndiye aliyeanza. Alikuwa akigeuza mandazi kwenye mafuta, hata hakututazama, akasema lile jumba jipya la ghorofa nne mwisho wa barabara yetu, lenye geti linalojifungua lenyewe, ni la mtu wa traksuti. Fundi wa viatu akauliza, "Traksuti gani?" Akajibiwa, "Traksuti ni traksuti. Zile za watoto wa shule." Basi. Kufikia saa nne asubuhi mtu huyo alikuwa ameshapata jina, Tajiri wa Traksuti. Kufikia jioni alikuwa na kiwanda Athi River, wake wawili, na kesi kortini.

Mimi huuza raba za mtumba hapa Umoja, Nairobi, si mbali na soko la Mutindwa. Kibanda changu kiko katikati ya mama wa mandazi na fundi wa viatu, kwa hiyo kila porojo inayovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine lazima ipitie juu ya kichwa changu. Mimi nimeketi chini, kwenye mtungi wa mafuta uliopinduliwa, beseni la maji ya sabuni mbele yangu, mswaki mkononi. Nasugua soli. Nikiketi pale naona magoti ya watu na kwenda chini, na kwa miaka kumi na mbili nimewajua wateja wangu hivyo. Kuna mama mmoja hunisalimia kila siku na bado sijui sura yake vizuri, lakini najua anakanyagia upande wa ndani wa mguu wa kushoto.

Jumanne na Ijumaa huamka saa kumi alfajiri, napanda matatu ya kwanza mpaka Muthurwa, kisha natembea hadi Gikomba. Belo likifunguliwa hakuna ndugu. Tochi ya simu mdomoni, mikono yote miwili ndani. Walio na pesa hununua kamera, yaani chaguo la kwanza lenyewe, kabla sisi wengine hatujasogezwa karibu. Mimi huchukua cha pili na macho yangu. Nabonyeza sponji kwa kidole gumba, nakunja soli, nanusa. Kunusa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kiatu cha mbio hakizeeki kwa kukimbiwa tu, huzeeka hata kikiwa kimelala kabatini kwa watu huko Ulaya. Zile soli za poliyurithani hunyonya unyevu wa hewa polepole, na siku moja zinamomonyoka kama mandazi ya juzi. Niliwahi kumuuzia kijana mmoja pea safi kabisa, ya kampuni kubwa, nyeupe mpaka inauma macho. Akaenda nayo kwenye mbio za kilomita kumi. Kilomita ya tatu soli ikabaki barabarani, yeye akaendelea. Alinirudishia kitambaa cha juu tu, kimefungwa kamba vizuri. Nilimpa pea nyingine bila kusema neno, na tangu siku hiyo nanusa.

Turudi kwa tajiri.

Habari zilikuja kwa vipande. Dereva wa boda alisema alimbeba mwanamke anayemfanyia kazi: si Athi River hata kidogo, ni karakana Eastlands hapahapa, vyerehani ishirini hivi, wanashona nguo za michezo za shule na jezi za timu za mtaani. Akaongeza kwamba katikati ya karakana kumepigwa ukuta wa mabati. Upande huu ni tajiri wetu. Upande ule ni kaka yake. Walianza pamoja na cherehani moja ya marehemu mama yao, sasa hawasalimiani. Fundi wangu akifika asubuhi anapita mlango wa kulia, fundi wako anapita wa kushoto, na choo ni kimoja.

Hapo mama wa mandazi akazima jiko. Huwa hazimi jiko kwa jambo dogo.

"Wameachana kwa sababu ya nini?"

Dereva hakujua. Fundi wa viatu akasema ni shamba la Kitui. Mama akasema ni wake zao, aulizwe yeye. Mimi nikacheka peke yangu kwenye beseni, maana mkononi nilikuwa nimeshika kiatu cha Puma, na kilichokuwa kikisubiri zamu yake kwenye maji kilikuwa cha Adidas.

Nikawaambia: mnajua hivi viwili ni ndugu wa tumbo moja?

Walidhani nawatania. Mambo haya niliyasoma usiku kwenye simu, kidogo kidogo, kwa sababu mtu akiuza kitu kila siku huishia kutaka kujua baba yake ni nani. Basi nikawasimulia, mswaki bado mkononi.

Kuna mji mdogo Ujerumani, upande wa Bavaria, unaitwa Herzogenaurach. Jina hilo nililitamka mara tatu na kila mara likatoka tofauti. Mji wenyewe haufiki hata nusu ya Kayole. Kulikuwa na mama anayefua nguo za watu, na vijana wake ndio waliozipeleka kwa wenyewe. Mmoja wao, Adolf Dassler, waliyemwita Adi, aliporudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia akaanza kutengeneza viatu kwenye chumba kile kile cha kufulia cha mama yake. Stima ilikuwa ya kubahatisha, inasemekana akaunganisha mashine yake na baiskeli, mtu anapiga pedali, mashine inazunguka. Fundi wa viatu akasema, "Kama yule jamaa wa kunoa visu." Naam, kama yule. Kaka yake Rudolf akaingia, na mwaka wa 1924 wakaandikisha kampuni ya ndugu wawili. Adi alikuwa mtu wa ngozi na misumari, mkimya. Rudolf alikuwa mdomo, mtu wa kuuza. Mwaka wa 1936, Jesse Owens, Mmarekani mweusi, alishinda dhahabu nne kwenye Olimpiki ya Berlin mbele ya Hitler, na viatu vya akina Dassler vilikuwa miguuni mwake. Ndugu hao wenyewe walikuwa wanachama wa chama cha Hitler. Nilipofika hapo dereva wa boda akasema, "Biashara haina aibu," na sikuwa na jibu.

"Wakakosania wapi?" Mama hakuwa na haja na Hitler.

Sasa hapo ndipo hata Wajerumani wenyewe wanategemea umbea. Familia hizo mbili zilikaa nyumba moja, na wake hawakuelewana. Mama wa mandazi alipiga kofi pajani, pa, nilisema mimi! Halafu kuna ile hadithi ya handaki. Wakati wa Vita vya Pili ndege zilikuja kupiga mabomu, Rudolf na familia yake wakawa wametangulia kuingia kwenye handaki. Adi akaingia na mkewe, akaguna kwamba wale washenzi wamerudi tena. Alikuwa akisema ndege. Rudolf akasikia ni yeye anayetukanwa, na watoto wake. Alielezwa akaelezwa, hakuelezeka. Baada ya vita Rudolf alikamatwa na Wamarekani, akaamini ni mdogo wake aliyemchoma. Mwaka wa 1948 wakagawana: mashine, wafanyakazi, kila kitu. Mafundi wengi walibaki na Adi, watu wa mauzo wakamfuata Rudolf ng'ambo ya mto. Adi alichukua kipande cha jina lake na kipande cha jina la baba, ikawa Adidas. Rudolf naye akafanya hivyo hivyo, ikawa Ruda, akaona inasikika kama jina la ng'ombe (hayo ni maneno yangu, si yake), akabadilisha ikawa Puma.

Halafu nikawapa ile sehemu niipendayo. Mji mzima uligawanyika. Upande huu wa mto Aurach watu wa Adidas, upande ule watu wa Puma. Timu mbili za mpira, moja ya huyu na moja ya yule. Watu wanasimulia kwamba hata mahali pa kununua mkate na mahali pa kunywa bia palitegemea unafanya kazi kwa nani. Ukikutana na mtu barabarani huangalii uso kwanza, unaangalia viatu, ndipo ujue kama utamsalimia. Mji ule ukaitwa mji wa shingo zilizoinama.

Fundi wa viatu alinitazama, kisha akamtazama mama, wakaangua kicheko wote wawili. "Kumbe wewe ni wa huko!" Na ni kweli. Daktari wa kliniki alishaniambia shingo hii itanisumbua uzeeni.

Rudolf alifariki mwaka wa 1974, Adi mwaka wa 1978. Walizikwa makaburi yale yale, mmoja ncha hii, mwingine ncha ile. Ilifika 2009 ndipo wafanyakazi wa kampuni hizo mbili wakacheza mechi ya kirafiki, wakiwa wamechanganyika timu. Mama wa mandazi alinyamaza kidogo, akawasha jiko. Akasema, "Choo kimoja na hawasalimiani," na ilinichukua muda kujua amerudi kwa tajiri wetu.

Tangu siku hiyo kibanda changu kikawa chuo. Kila anayepita ana swali. Dereva wa boda yeye ni mtu wa Nike, huvaa kofia yenye tiki hata kanisani, akataka nimpe sifa za mwenyewe. Nikamwambia Phil Knight alianza kwa kuuza viatu vya watu wengine. Mwaka wa 1964 yeye na kocha wake wa chuo kikuu cha Oregon, Bill Bowerman, walitoa dola 500 kila mmoja, wakaagiza viatu Japani, na Knight akaviuza kwenye buti ya gari lake pembeni mwa viwanja vya riadha. Buti ya gari! Hapa Nairobi, wakati wa korona, tuliona watu na digrii zao wakiuza parachichi na mayai kwenye buti, tukawahurumia. Na hao Wajapani, kampuni ya Onitsuka ambayo leo ndiyo Asics, mwenyewe alibuni soli ya kushika sakafu alipoona vikombe vya mkono wa pweza kwenye sahani ya kachumbari. Dereva hakuamini la pweza. Na niliposema ile tiki ilichorwa na mwanafunzi, Carolyn Davidson, mwaka wa 1971, akalipwa dola 35, akasimama kabisa. "Thelathini na tano elfu?" Thelathini na tano, boss. Baadaye walimpa hisa, lakini siku ile alienda nyumbani na hizo thelathini na tano. Yeye akasema mwalimu wake wa darasa la pili alimchorea tiki bure, tena chache.

Lazima niseme kitu kuhusu kampuni hizi na sisi, kwa sababu hapa si Bavaria. Oktoba 12, 2019, Kipchoge alipokimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna, nilikuwa hapa hapa, televisheni ya duka la jirani imegeuzwa ielekee barabarani. Wasaidizi wake walivaa viatu vya Nike vya waridi. Wiki nzima iliyofuata nilikuwa natafutwa: "Una vile vya pinki?" Wanaume wazima, makanga, mlinzi wa benki. Mtu ambaye wiki moja kabla angepigana na wewe ukimpa soksi ya pinki. Nilikuwa na pea moja tu, ya kike, namba 5, niliiuza elfu mbili na mia tano, na aliyeinunua alisema ni ya mkewe. Sikumtazama usoni, hiyo ndiyo faida ya kazi yangu. Halafu Septemba 2023 Tigst Assefa wa Ethiopia akavunja rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake kule Berlin kwa 2:11:53, akavua kiatu chake cha Adidas akakibusu mbele ya kamera. Gramu 138. Dola 500. Mimi nilichukua limau nikaliweka mkononi kukadiria. Kiatu kizima uzito wa limau moja kubwa! Nikapiga hesabu za pesa zake kwa shilingi nikaacha, ilikuwa zaidi ya mtaji wangu wa wiki kadhaa.

Kilichonichekesha ni kwamba ushindani wote ule, Nike na Adidas kurushiana mamilioni, huishia Gikomba kwenye belo moja, vimefungwa kamba pamoja, na bei ni ile ile.

Kuhusu Bata sitasema mengi, nilishagombana na fundi na sitaki tena. Yeye aliapa Bata ni ya Mkenya wa Limuru. Kiwanda kiko Limuru, ndiyo, na sote tumesoma kwa viatu vyao. Lakini Tomáš Baťa alikuwa wa mji wa Zlín, nchi ya Wacheki, akafa kwenye ajali ya ndege mwaka wa 1932. Na baada yake? Mwanawe na nduguye wa baba mmoja wakaburutana kortini miaka na miaka kuhusu nani mwenye kampuni. Fundi akasema mimi kila mwenye kiatu namtafutia kesi ya familia. Nikamwambia sizitafuti, ninazikuta.

Sasa nifike Jumatano.

Nilikuwa nasugua, nikaona miguu miwili imesimama. Ndala za akala, zile za tairi, kamba tatu, zimelika kisigino upande wa nje. Vidole vikubwa, kucha moja nyeusi. Suruali ya traksuti, bluu ya shule, bila alama yoyote. Nikajua kwa kunyamaza kwa mama wa mandazi. Hata mafuta yake yalinyamaza.

"Habari ya kazi, kijana."

"Nzuri, mzee. Karibu."

Sikuinua kichwa haraka. Nilihisi nikiinua atajua yote tuliyosema. Akachuchumaa, magoti yakalia, akaanza kupekua mzigo wangu. Hakuuliza bei ya kiatu. Ninauza pia jaketi chache za michezo, nimezitundika kwa misumari, akachukua moja ya Adidas akaigeuza ndani nje. Akapitisha kidole kwenye mshono wa zipu, akautazama kwa karibu kama mtu anayesoma dawa. Akahesabu nyuzi kwa inchi, kwa sauti ya chini. Kisha akapima ile mistari mitatu ya mkononi kwa upana wa kidole chake.

"Kijana, wewe unajua mambo ya hivi vitu. Nimeambiwa."

Moyo ukanidunda. Nimeambiwa na nani?

"Hii mitatu ni yao. Mtu akiweka minne, ni makosa?"

Nikamweleza nilichosoma. Kwamba kuna mbunifu wa nguo Marekani, Thom Browne, Adidas walimlalamikia kwa mistari mitatu akaenda kwenye minne, baadaye wakamshtaki hata kwa hiyo minne, na Januari 2023 baraza la kortini New York likasema hana kosa. Lakini yule anauza suti za matajiri na ana mawakili. Nikamwambia, "Mzee, mimi si wakili."

"Najua." Akatabasamu, hilo niliona kwa sababu hatimaye niliinua shingo. Ana mwanya. Anafanana na mtu yeyote. "Ni kwamba upande wa pili wameweka miwili. Shule zimeipenda."

Alisema hivyo tu, upande wa pili. Hakusema kaka yangu.

Tukapatana jaketi mia saba. Alitaka mia tano, akapigania ile mia mbili kwa bidii iliyonifanya nielewe jumba lilijengwaje. Alilipa kwa M-Pesa, na jina lililokuja kwenye simu yangu ni jina la kawaida kabisa ambalo sitaliandika hapa. Akaondoka akikokota akala zake kuelekea ile nyumba yenye geti. Geti likajifungua, kwa hiyo angalau hilo lilikuwa kweli.

"Amevaa nini?" mama wa mandazi akaniuliza kabla sijaketi. "Miguuni amevaa nini?"

"Akala."

Alikasirika. Alidhani namficha. Kufikia saa kumi na mbili jioni nilisikia dereva wa boda akimsimulia abiria kwamba tajiri alikuja na viatu ambavyo bado havijatoka sokoni, vya majaribio, na kwamba amenunua kibanda changu chote.

Ijumaa hii asubuhi, siku ya michezo, watoto wa shule walipita mbele yangu wakikimbia, wale wa ukuta wa kijani na wale wa karibu na kanisa, vumbi likaingia kwenye beseni. Mimi nimeketi, shingo chini, naona miguu tu, na mistari ya suruali. Miwili. Miwili. Minne, mipya kabisa, mshono wa zipu umenyooka kama uliopigwa rula. Miwili. Minne. Halafu kikapita kitoto cha mwisho kinachovuta mguu mmoja kwa kiatu kikubwa, suruali ya mistari miwili na koti la minne, akiwa na mandazi mdomoni.

"Mama," nikaita. "Kuna mmoja amevaa zote."

Akazima jiko.